Kabla Hujaonana na Sista Nashipai

Mwanangu Veronika,

Hali yako siiulizi, maana chai ya asubuhi tumekunywa pamoja na nimekuona ukicheka na mama yako juu ya begi lisilofungika. Sasa mmekwenda Ganako kumuaga bibi, nyumba imebaki na mimi. Nimekaa kwenye meza ya sebuleni, jua bado liko juu, na nina muda mpaka mrudi. Kesho utapita lango la Ngorongoro, utapanda msitu ule na kuushuka upande wa pili, na ukifika Malambo utakuwa muuguzi wa watu na si mwanafunzi tena. Habari za chandarua, blanketi na maji ya kuchemsha umeshaambiwa na mama yako, nyingine mara tatu. Mimi sitazirudia.

Nakuandikia kwa sababu ya jina ulilolitaja juzi tukiwa tunakula. Ulikuwa umepigiwa simu kutoka kazini kwako, una furaha, ukasema, "Baba, inchaji atakayenisimamia anaitwa Sista Nashipai. Anasema aliwahi kufanya kazi hospitali yenu. Unamfahamu?"

Nikakujibu, "Namfahamu."

Ukangoja niendelee. Nikaomba chumvi. Mama yako akaniangalia, kwa sababu yeye anaijua nusu ya habari. Nusu ya pili tunaijua watu wachache, na wote tulitia saini. Sitaki uisikie kwa mara ya kwanza ukiwa huko, umesimama mbele yake na vifaa mkononi. Isikie kwangu.

Unajua nimekaa maabara tangu kabla hujazaliwa. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unakuja pale dirishani na sare zako za shule, nakuonyesha hadubini, na unawaambia wenzako kwamba baba yako anaona wadudu waliomo ndani ya damu. Nilikuwa napenda kazi ile kwa sababu ilikuwa kazi ya kuwa sahihi. Jibu ama ni chanya ama ni hasi. Kichupa ama kina jina ama hakina. Watu wengine hospitali nzima waliishi na mashaka, mimi nilikuwa na majibu. Sikujua jambo hilo linaweza kumharibu mtu. Mtu akizoea kuwa sahihi kwenye vichupa, anaanza kudhani yuko sahihi na kwa watu.

Sista Nashipai alikuwa mkuu wa wodi ya wazazi. Mwanamke mrefu, mwepesi wa kutembea, na mwepesi wa kusema. Asubuhi moja kwenye ripoti, mbele ya madaktari na wauguzi wote, aliulizwa kwa nini mgonjwa wake amechelewa kupelekwa chumba cha upasuaji. Akajibu, "Majibu ya maabara yamechelewa. Wenzetu wa kule wakishaanza chai yao, hata mama afe, chai haiachwi."

Watu wakacheka. Si kicheko kikubwa, kile cha pumzi puani tu. Lakini mimi siku ile sikuwa nimekunywa chai. Mashine ya kupimia damu ilikuwa imekwama na nilikuwa nimepiga magoti chini tangu saa kumi na mbili asubuhi nikihangaika nayo. Ningeweza kusimama nikasema hivyo. Ningeweza kumfuata baadaye nje, nikamwambia, "Sista, umenionea, mashine iliharibika." Angeniomba radhi, namjua, alikuwa anasema haraka na kujuta haraka. Sikumfuata. Nilirudi maabara na moyo umefunga.

Tangu siku ile nikaanza kumjibu kwa karatasi. Fomu yake ikija haina saini, narudisha. Sampuli ikija na herufi moja iliyokosewa kwenye jina la mgonjwa, narudisha. Kwa mtu mwingine ningesahihisha mwenyewe au ningepiga simu. Kwake nilirudisha. Na kila niliporudisha nilikuwa na kitabu cha utaratibu nyuma yangu, hakuna aliyeweza kuninyooshea kidole. Naye alikuwa na kiburi chake. Aliacha kabisa kuja maabara. Alikuwa anamtuma mhudumu wa wodi, Mama Yakobo, yule mama mnene wa Baray aliyekuwa akikuletea mahindi mabichi. Mama Yakobo akawa anatembea huku na huku na maneno yetu mdomoni mwake, kama vile mimi na Sista tuko nchi mbili zenye mpaka. Kutoka mlango wa maabara hadi mlango wa wodi ya wazazi ni hatua arobaini. Nimezihesabu baadaye, mara nyingi kuliko mtu mwenye akili timamu anavyopaswa kuhesabu kitu kama hicho.

Hatukuwa peke yetu. Famasia walikuwa hawasemezani na watu wa stoo. Wauguzi wa zamu ya mchana walikuwa wanawaachia wenzao wa usiku vitanda vichafu makusudi. Malalamiko yakafika juu, na Katibu wa Afya akaja na dawa. Alitangaza kwamba tatizo letu ni ushirikiano, na hospitali itafanya bonanza la kujenga umoja wa wafanyakazi. Akaletwa mwezeshaji kutoka Arusha, tukashonewa tisheti za bluu zenye maneno "Timu Moja" mgongoni, na Jumamosi moja tukapelekwa kwenye bustani ya kambi ya watalii, njia ya kuelekea lango la Ngorongoro. Waliobaki zamu walinuna, lakini nao wakapewa tisheti.

Nataka nikuambie kweli kuhusu siku ile, kwa sababu ningeweza kuidharau kwenye barua hii na ingekuwa rahisi. Ilikuwa siku nzuri. Tulivuta kamba, madaktari na wafua nguo upande mmoja. Mganga mfawidhi alianguka kwenye mbio za magunia, akalala pale kwenye nyasi akicheka mpaka machozi yakamtoka, na sisi ambao huwa tunanyamaza akipita kwenye korido tukamwinua kwa mikono. Ukungu ulikuwa umeshuka kidogo kutoka msituni, halafu ukaondoka, majani yakawa yanang'aa. Nilikuwa sijawahi kuwaona wenzangu wakiwa na sura zile.

Halafu mwezeshaji akaleta mchezo wa kufungwa macho. Alitandaza viti, ndoo na chupa za maji kwenye nyasi, akasema mmoja atafungwa kitambaa, mwenzake atamwongoza kwa sauti tu mpaka avuke bila kugusa kitu. Wawili wawili walichaguliwa kwa karatasi za kuokota. Sijui kama aliambiwa au ni bahati, mimi nikaangukia kwa Sista Nashipai. Watu wakapiga makofi, maana kila mtu alikuwa anajua.

Nikafungwa macho. Nikamsikia anasema, "Baba Vero, nyoosha mguu wa kulia. Hapo. Sasa geuka kidogo, usiogope, hakuna kitu. Simama. Kuna ndoo mbele yako. Ruka kidogo tu." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya taratibu. Ndiyo sauti aliyokuwa akiwasemesha kina mama wenye uchungu, na mimi miaka yote ile sikuwahi kuisikia. Nilivuka bila kugusa hata chupa. Tukawa wa kwanza. Tukapigwa picha tumeshika zawadi yetu, chupa ya chai, na watu wakacheka tena kwa sababu ya ile habari ya chai, na safari hii hata mimi nilicheka.

Wakati wa chakula alinifuata na sahani yake. Akakaa kwenye kiti cha pembeni yangu, akala kidogo, akasema, "Lile neno nililosema siku ile kwenye ripoti, Baba Vero. Nimekuwa nataka..."

Nikamwambia, "Yameisha, Sista."

"Hapana, nataka niseme."

"Yameisha. Tule."

Akaniangalia, akaendelea kula. Mwanangu, kama kuna dakika moja ya maisha yangu ningerudishiwa, ningeomba hiyo. Nilionekana muungwana. Mtu aliyekuwa karibu angesema, tazama alivyomsamehe. Lakini nilisema yameisha ili asiendelee. Nilitaka nibaki na kosa lake mkononi. Angeniomba radhi ningelazimika nami kusema nilivyomrudishia sampuli zake kwa chuki, na hilo sikuwa tayari kulisema, hata kwenye nyasi nzuri namna ile, hata nikiwa nimevaa tisheti yenye maneno yale mgongoni.

Jumatatu iliyofuata tulisalimiana kwa uchangamfu. Jumanne pia. Wiki ya pili Mama Yakobo alikuja na fomu isiyo na saini, nikairudisha.

Yaliyotokea baada ya hapo yalitokea mchana kweupe, hospitali imejaa watu. Nakwambia hivyo kwa sababu utakutana na vifo vya usiku ambapo taa hakuna na daktari yuko mbali, na kwa vifo hivyo utajipa moyo. Chetu hakikuwa hivyo. Wote tulikuwepo.

Mama mmoja wa kutoka Baray alijifungua mtoto wa kike kama saa nne asubuhi. Jina lake lilikuwa Theresia. Nakuandikia jina kwa sababu kwenye vikao vyetu vyote aliitwa mgonjwa. Alikuwa amefika jioni ya jana yake kwa miguu yake mwenyewe, akiwa na mume wake na mkoba. Mtoto alitoka salama. Halafu damu ikaanza kumtoka na haikukoma.

Mama Yakobo alikuja dirishani anahema. Alikuwa na kichupa cha damu na fomu ya kuomba damu ya kuongezewa. Fomu ilikuwa na jina. Kichupa hakikuwa na kitu, hata alama ya kalamu.

Nikamwambia, "Hiki hakina jina."

Akasema, "Sista anasema ni haraka, mama anatokwa na damu."

"Mwambie aandike jina kwenye kichupa."

Utasema, na umefundishwa hivyo, kwamba nilifanya sawasawa. Kichupa kisicho na jina hakipimwi, damu isiyo yake inaweza kumuua mtu. Ni kweli. Kila nilipojitetea moyoni nilianzia hapo. Lakini mwenye nia ya kuokoa angechukua kichupa kipya, angefunga mlango wa maabara na kutembea hatua zile arobaini, akachukua damu mwenyewe kwenye mkono wa yule mama. Ningerudi ndani ya dakika tatu. Na simu ilikuwa mezani. Namba yake nilikuwa nayo. Upo utaratibu wa dharura wa kutoa damu haraka, unataka watu wawili tu wazungumze. Mimi nilimtuma mama wa umri ule arudi na kichupa, nikakaa kumngoja.

Alirudi na kile kile. Sista alikuwa amesema, "Mwambie jina liko kwenye fomu, asome." Naye mikono yake ilikuwa ndani ya yule mama akijaribu kuzuia damu, ndivyo nilivyokuja kujua baadaye. Pale dirishani mimi nilisikia kiburi tu. Nilisikia ile sauti ya kwenye ripoti. Ile ya kwenye nyasi sikuikumbuka kabisa. Nikasema, "Mwambie mimi siokoti majina kwenye fomu. Aandike kwenye kichupa."

Mama Yakobo alinitazama. Akageuka akaenda, anakimbia kwa namna alivyoweza.

Mara ya tatu kichupa kilikuja na jina, mwandiko umetapakaa, kuna alama ya damu ya kidole juu ya lebo. Nikapima haraka, na nakuapia nilipima vizuri. Damu ya kundi lake ilikuwepo, chupa mbili, zimekaa kwenye friji tangu asubuhi. Nikaziweka kwenye kiboksi cha barafu na safari hii nilikwenda mwenyewe. Nilikimbia. Nilipofika mlango wa wodi pazia lilikuwa limevutwa. Sista Nashipai akatoka nyuma ya pazia, anafuta mikono. Akaangalia kile kiboksi, akaniangalia mimi.

Akasema, "Irudishe kwenye friji, Baba Vero, isiharibike."

Ilikuwa sauti ya kazi, haikuwa ya hasira. Nikageuka nikarudi nayo. Ningefanya nini kingine?

Siku chache baadaye kikaitwa kikao cha kupitia kifo kile, kama unavyojua sheria inavyotaka. Kabla ya kikao, Sista alikuja maabara. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sana kuvuka mlango ule. Alikuwa na daftari la wodi. Akakaa kwenye kigoda changu, macho yamevimba, akasema, "Tukieleza ilivyokuwa, tumekwisha wote. Wewe, mimi, hata Mama Yakobo."

Nikasema, "Najua."

"Sampuli tuandike ililetwa saa ngapi?"

Nikamwambia, "Andika saa tano na nusu. Mimi nitaandika nimeipokea saa tano na dakika thelathini na tano."

"Na zile safari mbili za mwanzo?"

"Hazikuwepo."

Akaandika. Tukaangalia vitabu vyetu viwili kama vinaoana, mstari kwa mstari, vichwa vyetu vimekaribiana. Daktari wa zamu aliongeza kwamba mgonjwa alichelewa kufika hospitali kutokana na umbali wa Baray na ubovu wa barabara. Metroni akakubali. Ikaamuliwa Mama Yakobo asiitwe kwenye kikao. Tukatia saini, ripoti ikapita bila swali. Vero, katika miaka yangu yote pale, sijawahi kuona idara zikishirikiana vizuri namna ile. Kila mtu alijua sehemu yake, kila mtu alimlinda mwenzake, hakuna aliyechelewa. Tuliweza. Siku zote tulikuwa tunaweza. Hilo ndilo limenikalia kifuani, si kwamba hatukujua kushirikiana.

Na unajua hospitali ilifanya nini? Ripoti ilisema kuna haja ya kuimarisha mawasiliano kati ya idara. Katibu wa Afya akaandaa bonanza la pili. Tisheti safari hii zilikuwa za kijani. Nilikwenda. Nilivuta kamba. Mwezeshaji akaniuliza mbele ya watu nitaje kitu kimoja nilichojifunza bonanza lililopita, nikasema nimejifunza kumwamini mwenzangu, na nikapigiwa makofi. Sista Nashipai hakuja siku ile. Alikuwa ameshaandika barua ya kuomba uhamisho arudi kwao. Alipoondoka hakuniaga. Mama Yakobo aliacha kazi mwaka huo huo, akasema miguu inamuuma.

Mabonanza yameendelea. Sasa kuna hata kikombe kinashindaniwa. Picha yangu na Sista tukiwa tumeshika chupa ya chai ilikaa kwenye ubao wa matangazo mpaka ikapauka. Na bado famasia hawasemezani na stoo. Vijana walioajiriwa juzi, ambao hawajui hata ugomvi ulianza na nani, wameshaupokea. Kijana wetu mpya wa maabara anarudisha sampuli za wodi ya wazazi kwa furaha, na nikimwambia piga simu kwanza, ananijibu, "Mzee, wewe ndiye uliyetufundisha utaratibu." Ni kweli. Mimi ndiye.

Kuna jambo jingine nakuomba uniwie radhi. Ulipokuwa mwaka wa pili chuoni ulinipigia simu, ukasema mmepewa kazi ya kuandika kuhusu ushirikiano kazini, unataka mfano wa kweli. Nilikuwa nimekaa hapa hapa. Theresia alikuwa ameshazikwa muda si mrefu. Nikakusimulia bonanza la kwanza, viti, ndoo, kitambaa usoni, sauti ya Sista. Uliandika vizuri, mwalimu akakutaka uisome mbele ya darasa. Ulinitumia ujumbe kwamba unajivunia baba yako. Nilisoma ujumbe ule nikiwa maabara, nikaizima simu. Ukienda kumwambia Sista Nashipai kwamba wewe ndiye binti wa yule aliyevuka amefungwa macho, sijui uso wake utakuwaje. Ndiyo maana nimeshindwa kunyamaza.

Nilitegemea nikifika hapa nitakuwa na neno la kukupa, kitu cha kukusaidia. Sina. Ningekuambia uongee na wenzako, lakini hakuna asiyejua hilo, hata sisi tulijua, tulikuwa tumeliandika mgongoni. Ninachoweza kukuambia ni namna lilivyokuwa kwangu. Chuki haikuja kwangu ikiwa na sura ya chuki. Ilikuja na sura ya kazi nzuri. Kila nilipomrudishia Sista sampuli nilijiona mfanyakazi hodari. Kwa hiyo ukijikuta siku moja unafuata utaratibu na moyoni unasikia raha kidogo, simama hapo hapo, ondoka kitini, nenda kamwangalie mgonjwa usoni. Sijui kama itakutosha. Mimi sikuwahi kujaribu.

Mwezi uliopita nilikwenda Baray. Mama yako nilimwambia nakwenda kutafuta vitunguu vya mbegu. Nilikwenda kumtafuta mume wa Theresia. Nyumba yake niliijua kwa kuuliza. Nilimkuta shambani anafungulia maji kwenye matuta, mtu wa umri wangu kidogo kushuka, anaitwa Boay. Tukasalimiana kwa lugha yetu, nikamwambia natoka hospitali ya Karatu, napita tu, nimeona nimsalimie kwa sababu ya msiba ule. Aliacha jembe. Alishukuru sana. Alisema hakuna mtu wa hospitali aliyewahi kufika. Akanipeleka nyumbani, akaniwekea kiti kivulini, akaniletea maziwa.

Mtoto alikuwepo, anacheza na ganda la muhindi. Mnene, mwenye afya, macho makubwa. Nikauliza jina lake.

"Nashipai," alisema. "Si jina la kwetu, watu wananiuliza. Ni yule sista. Hakumwacha mke wangu mpaka mwisho. Nilikuwa nje ya dirisha, nilikuwa namsikia anavyomsemesha. Nikasema basi, mtoto achukue jina lake."

Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga barabarani yalikuwa pale kwenye ulimi.

Akasema, "Walituambia tulichelewa kumleta. Hilo huwa linanisumbua. Mimi naona tulifika mapema. Lakini nyie wataalamu mnajua zaidi. Labda tungetoka asubuhi ya siku ile." Akamwondoa mtoto udongo mdomoni. "Wewe ulikuwa idara gani?"

Nikasema, "Maabara."

"Ah. Basi wewe hukumwona."

Nikamwambia, "Sikumwona."

Alitikisa kichwa, kama mtu anayenionea huruma kwa kukosa. Nikanywa maziwa yake mpaka yakaisha. Alinifungia vitunguu kwenye mfuko, vile mlivyokula wiki nzima mkavisifu. Nikaondoka. Yule bwana anaamini mpaka leo kwamba alimuua mke wake kwa kuchelewa, na nilikuwa nimekaa naye kiti kwa kiti, na nilikuwa na uwezo wa kumtua mzigo ule kwa sentensi tatu. Sikuzitoa. Sijui kama nitarudi. Nikisema nitarudi nitakuwa nakudanganya, na barua hii nimejaribu nisikudanganye.

Nasikia sauti zenu njiani, mmerudi. Hii nitakupa mkononi baada ya chakula, uisome chumbani kwako, na ukitaka kuja kuniuliza kitu nitakuwa macho. Usipotaka, kesho nitakubebea mizigo hadi kwenye gari na sitakulazimisha kunisemesha.

Ukifika, usimfikishie Sista salamu zangu, hazitamfaa. Fanya naye kazi. Akikusemesha kwa ukali asubuhi, ngoja mpaka jioni, umrudie, umuulize. Na siku akiamua kukueleza habari za Theresia, msikilize mpaka amalize. Kama atakayosema yatatofautiana na haya yangu, yaamini ya kwake. Yeye alikuwemo chumbani. Mimi sikuwemo.

Baba yako.